Joto la Kweli Hupimwa Kivulini

Msikilizaji, siku za Februari jua linapoichoma Kwa Vonza, dereva aliyeegesha gari kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui huwasha injini na kukuta dashibodi imeandika nyuzi joto 41. Anapiga picha na kuituma WhatsApp. Kufikia jioni kila mtu anasema leo tumefika 41. Nasema: tusilichukue joto letu kutoka kwa bampa la gari.

Nambari ile hutoka kwa kihisi kidogo ambacho katika magari mengi hukaa nyuma ya bampa la mbele. Kikipata joto, ukinzani wake wa umeme hupungua. Kompyuta ya gari husoma mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa nyuzi. Gari likienda kasi, upepo ukikipiga vizuri, kwa kawaida hukosea kwa nyuzi moja au mbili tu. Likisimama, hupata joto la rejeta, la injini na la lami, ambayo jua kali huweza kuifikisha nyuzi 60. Kwa kuwa waundaji wanajua hilo, magari mengi huizuia nambari isipande haraka hadi gari lishike mwendo. Hivyo huenda unachokisoma ni joto la dakika kadhaa zilizopita. Na gari la mtumba lililobadilishwa bampa, waya wa kihisi usipounganishwa, huweza kukuonyesha hasi 40 juani!

Kifaa hicho kina kazi yake. Husaidia kuendesha kiyoyozi, na katika nchi za baridi humwonya dereva kwamba huenda kuna barafu barabarani. Hakikuwekwa kupima hali ya hewa ya Ukambani.

Wataalamu hupima joto kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa, juu ya nyasi, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Utaratibu huo ndio unaotuwezesha kulinganisha Kitui na Lodwar, na mwaka huu na miaka 30 iliyopita. Bila huo, hatuwezi kujua kwa hakika kama joto linaongezeka.

Jambo hili linatugusa. Mkulima wa ndengu, mhudumu wa bodaboda anayeshinda juani, mzee mwenye shinikizo la damu, wote wanahitaji nambari ya kuaminika. Na ujuzi wa kuipata tunao: Kwa Vonza ni makao ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Shule zetu za sekondari nazo zimefundisha kisanduku hicho katika Jiografia kwa miaka mingi. Basi kila shule ya Kitui na Makueni iwe nacho uwanjani, wanafunzi wasome kipimo kila siku, na matokeo yabandikwe sokoni na kusomwa redioni.

Nawe dereva, endesha kilomita kadhaa kabla ya kuiamini dashibodi. Tena kumbuka kwamba nambari hiyo haisemi lolote kuhusu joto lililo ndani ya gari lililofungwa juani, ambalo hupanda upesi mno. Usimwache mtoto humo, hata kwa dakika chache.