UZI: Malalamiko IPOA na kesi ya fidia si kitu kimoja (hotuba yangu, Luanda Kotieno)



Kila mjadala wa polisi utasikia, "Enda IPOA ulipwe." Hapo tunachanganya mambo.

IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, hupokea malalamiko bure, huchunguza, kisha hupendekeza. Kumshtaki afisa kwa jinai ni uamuzi wa DPP. Pesa huamuliwa kortini, kwa kesi ya madai dhidi ya afisa na Mwanasheria Mkuu. Na kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali ina miezi 12 tu! Ukingoja uchunguzi uishe, mlango umefungwa.

Mnakumbuka mtoto Samantha Pendo? Miezi 6, Nyalenda, Agosti 2017. Korti ya Kisumu ilitoa uamuzi wa uchunguzi 2019, DPP akaidhinisha mashtaka 2022. Hesabuni wenyewe.

Kwa hivyo ukiumizwa: hospitali, P3, namba ya OB, mashahidi. Wakikataa kuandika OB, hilo nalo ni lalamiko. Peleka IPOA, na wiki hiyo hiyo tafuta wakili.

Swali la kuwauliza wanaoomba kura: serikali ikiamriwa kulipa fidia, hulipa kwa ushuru wetu. Afisa analipa nini?