Mwenye Duka Ndiye wa Kuulizwa



Picha chafu ya mtoto ikivuja, twauliza: "Ni binti wa nani?" Swali hilo ni dhulma. Ulizeni: nani aliyeirusha, na nani anavuna pesa?

Desemba 2020 gazeti la New York Times lilifichua kuwa Pornhub ilikuwa na video za watoto wakidhulumiwa. Visa na Mastercard zikakata malipo. Siku chache baadaye, mtandao huo ukaondoa mamilioni ya video ambazo waliozirusha hawakuwa wamethibitishwa. Kumbe yawezekana! Kilichokosekana ni nia, si uwezo. Basi anayekula faida asituambie hajui kilichomo dukani mwake. Akague kwanza, ndipo aweke.

Na wewe je? Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao, ya 2018, yaadhibu kusambaza picha hizo na hata kuwa nazo: hadi miaka 25 jela. Usiitume kwenye grupu, hata kwa kukemea. Piga 116, simu ya watoto, ni bure. Na yule mtoto, msitirini.