Masijala ya Kijiji: Kiswahili, Nyaraka na Kazi ya Mtunza Kumbukumbu katika Bonde la Rufiji



1.0 Utangulizi

Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kutoa mhadhara huu. Aghalabu mihadhara ya taaluma za Kiswahili hushughulikia fasihi, isimu au historia ya lugha. Leo naomba ruhusa yenu tuingie katika chumba ambacho wengi wetu hupita mlangoni mwake tu, nacho ni masijala. Nakusudia kueleza kazi ya mtunza kumbukumbu na mhifadhi nyaraka, nafasi zilizopo katika kazi hiyo, na sababu zinazonifanya niamini kuwa mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi na wajibu humo. Mfano wangu utakuwa Ikwiriri, mji ulio upande wa kaskazini wa mto Rufiji, pamoja na vijiji vya bonde na delta hadi Kibiti.

Hoja yangu ni moja. Sehemu kubwa ya maandishi yanayoamua maisha ya Mtanzania wa kawaida yameandikwa kwa Kiswahili, yamo kijijini, na aghalabu hayana mtu aliyesomea kuyatunza. Maadamu hali ni hiyo, taaluma ya nyaraka nchini haiwezi kukamilika bila wataalamu wa Kiswahili. Nao wataalamu wa Kiswahili wanajinyima ajira na utafiti kwa kudhani kuwa kazi hii ni ya watu wengine.

2.0 Maneno na maana zake

Tuanze na istilahi. Kumbukumbu ni maandishi yanayozaliwa na kazi ya kila siku ya ofisi: barua, mihtasari ya vikao, stakabadhi, orodha. Nyaraka, kwa maana ya kitaaluma, ni zile kumbukumbu chache ambazo, baada ya kazi yake ya awali kwisha, huchaguliwa zihifadhiwe daima kwa sababu ya thamani yake kwa jamii na historia. Mtunza kumbukumbu hufanya kazi masijala; mhifadhi nyaraka hufanya kazi katika hifadhi. Wa kwanza akikosea, wa pili hana cha kuhifadhi.

Maneno yenyewe yana historia. Masijala inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitabu cha kuandikishia mambo. Jalada asili yake ni ngozi. Daftari lilitufikia kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ya mbali katika Kigiriki ni ngozi pia. Muhtasari, kwa maana ya kawaida, ni ufupisho. Lakini ofisini neno hilo limechukua maana ya taarifa rasmi ya kikao, hata ikiwa na kurasa ishirini. Mtafiti anayetaka kujua jinsi Kiswahili kilivyojifunza kuendesha serikali asiishie kwenye kamusi. Afungue majalada. Humo atakuta barua za maakida na majumbe wa zama za Wajerumani, nyingine kwa hati za Kiarabu, zikianza kwa salamu ndefu. Na atakuta barua za watendaji wa vijiji wa leo, ambazo huingia katika shabaha kwa herufi tatu tu: "Yah".

3.0 Rufiji katika nyaraka

Bonde la Rufiji si mahali pasipo na nyaraka. Mohoro, kusini mwa mto, palikuwa na boma la Wajerumani. Na ni Mohoro ndiko alikonyongwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe mwezi Agosti 1905, katika siku za mwanzo za Vita vya Maji Maji. Kumbukumbu za utawala huo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Orodha yake iliandaliwa na wahifadhi nyaraka kutoka Marburg, Ujerumani, ikachapishwa mwaka 1973. Tunawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini yatupasa tujiulize: je, barua za Kiswahili zilizochanganyika na zile za Kijerumani, nani atakayeziandalia orodha yake, kama si sisi?

Upande wa pili wa historia hiyo ulitafutwa na wanafunzi. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake kwenda kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. Ripoti zao ndizo leo tunazozisoma, kwani wazee wale wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nawaomba wanafunzi mlio hapa mlitafakari jambo hilo: waliokusanya nyaraka hizo walikuwa na umri wenu.

Mwaka huohuo wa 1968 mto ulifurika vibaya. Kilichofuata ni operesheni ya kuwahamisha wakazi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Hata hivyo, mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni. Watu waliendelea kushuka kulima mlau, yaani kilimo kinachofuata maji yanapopwa, wakikaa katika madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Hivyo familia moja ikawa na makazi mawili na madai mawili ya ardhi, lakini aghalabu maandishi yakataja moja tu.

Hazina ya tatu ni ya zama zetu. Kuanzia mwaka 1998 Ikwiriri ilikuwa kituo cha mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu wa Rufiji, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, mara kadhaa kwa mwaka, wakiandikisha waliozaliwa, waliohama, waliohamia na waliofariki, katika eneo lenye watu zaidi ya 80,000. Panapotokea kifo, jamaa wa marehemu huulizwa maradhi yalianzaje na yaliendeleaje. Kwa mtaalamu wa afya, hizo ni takwimu. Kwa mtaalamu wa lugha, ni ushahidi wa jinsi watu wa pwani wanavyoyataja maradhi: neno kama degedege haliwezi kuhamishiwa katika safu ya jedwali bila mtu anayejua msemaji alikusudia nini. Huko kujua ni kazi ya utunzaji kumbukumbu, nako ni kazi ya Kiswahili.

4.0 Daftari lililoingia maji

Sasa niseme kuhusu kinachoweza kupotea. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na wanafunzi hadi ofisi ya kijiji kimoja cha ukanda huu, ambacho sitakitaja. Kumbukumbu zote za kijiji zilikuwa katika kabati moja la chuma na ndoo mbili za plastiki. Tulipokuwa tukiziorodhesha aliingia mzee mmoja. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Baadaye akauliza, "Wajukuu zangu, katika hayo madaftari yenu, limo jina la baba yangu?" Alikuwa na shauri la shamba. Mpinzani wake alidai kuwa familia ya mzee haikupewa eneo lolote wakati wa kuhamia kijijini.

Daftari la ugawaji lilikuwapo. Lakini lilikuwa limewahi kuingia maji, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeshikamana. Kuzitenganisha, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kulituchukua siku mbili. Jina la baba lililotajwa na mzee hatukuliona. Tuliona jina lake la kwanza likifuatiwa na jina la ukoo mahali ambapo mzee alitaja jina la babu, tena likiwa na "r" mahali ambapo familia hutamka "l". Je, ni mtu yuleyule? Mwanafunzi mmoja wa isimu, aliyekuwa ameandika matamshi ya eneo lile, aliandaa maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu namna majina yalivyokuwa yakiandikwa katika daftari zima. Maelezo hayo yalipelekwa kwenye baraza pamoja na nakala ya ukurasa. Sikuwapo siku ya uamuzi, wala sisimulii kisa hiki ili tujisifu. Nasimulia kwa sababu haki ya mzee yule ilining'inia kwenye karatasi iliyolowa, na kwenye ujuzi ambao hapa chuoni tunaufundisha kama somo la nadharia.

Hali hii si ya kijiji kimoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekitaka kila kijiji kiwe na masijala ya ardhi yake. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na kivuko cha Ndundu kuacha kuwa kizuizi cha safari za kusini, thamani ya ardhi ilipanda; na katikati ya miaka ya 2000 wawekezaji wa kigeni walianza kutafuta maeneo makubwa Rufiji kwa ajili ya mazao ya nishati. Katika mambo hayo, kinachothibitisha kama wanakijiji waliridhia au hawakuridhia ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mahudhurio yake. Muhtasari ukipotea, hubaki neno la mwenye nguvu.

Tena kuna mambo mawili ambayo hatuna budi kuyataja. Mwaka 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia kipindi kizito cha mauaji, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo viongozi wa vijiji. Huzuni ile ni ya familia zao kwanza. Kwa upande wa taaluma yetu, ilitukumbusha kuwa kumbukumbu iliyomo kichwani mwa kiongozi pekee huzikwa naye. Kisha, Aprili 2024, mafuriko makubwa yaliingia katika nyumba, mashamba na majengo ya umma huko Rufiji na Kibiti. Mhifadhi yeyote atawaambia: karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu baada ya takriban saa 48. Usiianike juani, wala usizivute kurasa kwa nguvu. Itandaze kivulini penye upepo, weka karatasi kavu za kufyonza maji katikati ya kurasa, uzibadilishe mara kwa mara, na upige picha mapema. Hayo hayahitaji mashine ya gharama. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, awepo siku ya pili.

5.0 Nafasi za kazi na mafunzo

Je, mtu huyo hupatikanaje? Kwa mujibu wa Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1965, kila taasisi ya umma inawajibika kutunza kumbukumbu zake chini ya uongozi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa hiyo kila wizara, halmashauri na hospitali ya umma inahitaji watumishi wa masijala, na nafasi hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mafunzo ya cheti na stashahada hutolewa na Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichopo Bagamoyo, katika mkoa huuhuu wa Pwani, na vilevile na Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye kampasi Tabora na Mtwara miongoni mwa nyingine.

Uwanja umepanuka pia. Ofisi zinahama kutoka jalada la karatasi kwenda mfumo wa kompyuta, na mfumo hauwezi kupanga kile ambacho mtu hakukiainisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka mipaka ya kutoa. Anayesimama katikati ya sheria hizo mbili ni mtunza kumbukumbu.

Nje ya ajira ya serikali ziko fursa za kitaaluma. Tawi la Mashariki na Kusini mwa Afrika la Baraza la Kimataifa la Nyaraka, lililoanzishwa mwaka 1969, lina mikutano na jarida lake. Na nchini kuna chama cha wanataaluma hao, TRAMPA. Maktaba ya Uingereza, tangu mwaka 2004, ina mpango wa ruzuku kwa ajili ya kupiga picha nyaraka zilizo hatarini, kwa kanuni kuwa nakala asili zisitoke katika nchi yake. Mwombaji anayesoma Kiswahili cha hati za Kiarabu ana ujuzi ambao wengi hawana. Tusiuchezee.

6.0 Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili ziwe na kozi moja ya nyaraka, yenye mazoezi ya kusoma hati za Kiarabu na za ofisini. Pili, mafunzo ya vitendo ya likizo yafanyike katika masijala za vijiji, kwa makubaliano na halmashauri, na kazi ya kwanza iwe kuandaa orodha: kabla ya kupiga picha chochote, tujue kuna nini. Tatu, tuheshimu kanuni ya asili. Wilaya zinapogawanywa, kama Kibiti ilivyotengwa na Rufiji, majalada yasichambuliwe vipandevipande kufuata mipaka mipya. Yabaki katika mpangilio ulioyazaa, na nakala ndizo zigawanywe.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara huitumia methali hiyo kwa fedha. Mimi naitumia kwa ardhi, majina na kauli za watu. Wakulima wa Rufiji hawakuweza kuuzuia mto usifurike. Walijenga dungu, wakaweka juu kile wasichotaka kichukuliwe. Kazi ninayowaalika kwayo haizidi hapo: kujua kipi kipandishwe juu, na kukipandisha kabla maji hayajafika.