TUSINUNUE UGONJWA PAMOJA NA VIFARANGA

*Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika na wahisani, Issuna, Wilaya ya Ikungi*



Tumeombwa kuzungumzia magonjwa ya virusi ya samaki wa kufugwa. Huenda baadhi yetu wanajiuliza samaki anaumwaje. Hapa Singida tunafuga kuku wa kienyeji, na hakuna asiyeujua mdondo. Wiki hii banda limejaa, wiki ijayo limebaki manyoya. Mdondo ni ugonjwa wa virusi, na samaki nao wana wa kwao. Tofauti ni kwamba kuku tunamwona anapozubaa, ila samaki yuko chini ya maji. Tena kuku ana chanjo. Kwa ugonjwa tunaoueleza leo hakuna dawa ya kutia bwawani, wala chanjo ya kununua dukani.

Kirusi chenyewe wataalamu hukiita TiLV. Hushambulia sato na jamaa zake. Kilielezwa kitaalamu mwaka 2014 nchini Israeli, baada ya samaki kufa kwa wingi huko tangu mwaka 2009, wakiwemo wa Ziwa la Galilaya, lile lile tunalolisoma katika Injili. Mwezi Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari kwa dunia nzima.

Kwetu habari ilifika mwaka 2018. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sato wa Ziwa Victoria. Walipima sampuli 442 kutoka kwa samaki 191, na sampuli 28 zilikutwa na kirusi. Samaki wa kufugwa na wa ziwani hawakutofautiana. Jambo la kuzingatia ni kwamba yalionekana kuwa maambukizi yaliyojificha, si mlipuko. Yaani samaki anaweza kubeba kirusi huku akiogelea na kula kama kawaida.

Hapo ndipo Issuna inapohusika. Barabara kuu ya kutoka Mwanza inapita hapa kwetu. Mfuko wa vifaranga ukipakiwa kwenye basi kule, unaweza kushushwa hapa siku hiyo hiyo. Hatusemi vifaranga wote wa Kanda ya Ziwa ni wagonjwa. Tunasema kwamba macho peke yake hayatoshi kutuhakikishia ni wazima. Wafugaji wa kamba wa ukanda wetu waliliona hili: ugonjwa wa madoa meupe ulipoingia Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, mashamba yalisimamisha uzalishaji.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kizingatie haya:

Kwanza, kununua vifaranga mahali panapojulikana, penye kumbukumbu za wazazi wa vifaranga hao. Kirusi hiki huweza kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kabla ya kuagiza, tumwone afisa uvuvi wa wilaya.

Pili, kuwa na bwawa dogo la kusubiria. Wageni wakae humo wiki tatu hadi nne bila kuchanganywa na wenyeji. Huko Thailand vifo vingi vilitokea ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupandikiza. Bwawa hilo liwe na wavu wake na ndoo zake.

Tatu, daftari. Kila asubuhi mtu mmoja aandike waliokufa ni wangapi, na kama chakula kimeliwa. Dalili za kutazama ni samaki kuacha kula, kuzubaa juu ya maji, ngozi kuwa nyeusi au kuchubuka, macho kuvimba au kuwa na ukungu, na tumbo kujaa.

Nne, vifo vikiongezeka ghafla, tusiuze, tusihamishe samaki, tusifungulie maji yaende kwenye lambo la kijiji. Tumpigie afisa uvuvi au daktari wa mifugo. Samaki anayeumwa, au aliyekufa muda huo huo, awekwe kwenye barafu kwa ajili ya maabara. Aliyeoza hafai kupimwa. Afukiwe na chokaa. Kirusi hiki hakijaonekana kumdhuru mtu. Lakini samaki mgonjwa akioshwa kando ya bwawa la jirani, ugonjwa unaweza kuhamia humo.

Tano, tutumie kiangazi chetu. Sisi watu wa Singida huhesabu ukame kuwa hasara tu. Kumbe bwawa lililovunwa, likakauka mpaka tope likapasuka, kisha likatiwa chokaa, limekata mnyororo wa ugonjwa kabla ya mvua za Desemba. Wenye maji mwaka mzima hulazimika kuyatoa kwa makusudi ili wapate nafasi hiyo.

Ndugu wahisani, tunalo ombi. Taarifa zetu zimezoea kuhesabu mabwawa yaliyochimbwa. Bwawa la kusubiria halipendezi kwenye picha, na daftari halizinduliwi kwa kukata utepe. Lakini fedha ya mtungi wa barafu, chokaa na safari ya sampuli hadi maabara ndiyo inayolinda fedha yote iliyotangulia. Tunaomba mtupimie kwa mabwawa yanayovunwa mwaka wa tatu, hata kama yatakuwa machache kuliko tuliyopanga.

Na ninyi wajumbe wa kamati, msione aibu kuwaambia wanakikundi wenye haraka kwamba wasubiri wiki nne. Mama aliyetoa akiba yake ya VICOBA kununua hisa ya bwawa hatatulaumu kwa kuchelewa mwezi mmoja. Atatulaumu akiamka asubuhi akute samaki wote wanaelea.