Upanga wa Vita wa Kijapani: Soma Chuma Kabla ya Kutoa Fedha

 

Leo nataka kuwaeleza jinsi mtu mwenye fedha chache awezavyo kununua kitu cha kale bila kudanganywa. Mfano wetu ni upanga waliouchukua maafisa na masajini wa Japani katika vita vilivyokwisha mwaka 1945. Huenda mtu akauliza, "Upanga wa Mjapani unatuhusu nini sisi?" Unatuhusu, ndugu zangu. Askari wetu wa Keya walipigana na Wajapani katika nchi ya Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin karibu na Kalewa. Babu yangu alikuwa miongoni mwao. Alipokuwa hai alitusimulia habari za afisa wa Kijapani aliyetoka msituni na upanga mkononi. Habari hiyo iliniingia moyoni tangu utoto.

Basi, nilipokuwa Uingereza nikisomea diploma, niliona sokoni upanga wa namna hiyo. Muuzaji alisema ulitoka Burma, ukachukuliwa kwa sajini wa Kijapani. Nilikuwa na akiba ya miezi mitano, nauli ya kuja nyumbani likizo. Nikaitoa yote. Siku ya pili nikampelekea jirani yangu, mzee ambaye baba yake alipigana Burma, naye alikuwa na upanga wa sajini ulio wa kweli. Akaweka panga mbili mezani, akaniambia, "Kijana, usiniulize mimi. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Namba katika upanga wake ilikuwa imegongwa kwa nguvu, kila tarakimu imezama sawasawa katika chuma. Yangu ilikuwa imekwaruzwa juu juu. Mfereji katika bapa lake ulikuwa umenyooka na safi. Wangu ulipinda kama njia ya ng'ombe. Namba ya bapa lake ilikuwa sawa na namba ya ala. Katika wangu zilikuwa mbalimbali. Najua kusoma tangu utoto, lakini siku ile sokoni sikusoma. Nilisikiliza hadithi tu. Likizo ile sikuja nyumbani.

Sasa tuzijue panga zenyewe. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza watu kuchukua panga hadharani, isipokuwa askari, polisi na wachache wengine. Baadaye jeshi likatoa upanga wa afisa wa namna mpya mwaka 1934, na mwingine mwaka 1938. Upanga wa masajini ulitolewa mwaka 1935. Vita vilipokua, zilihitajiwa panga nyingi sana, kwa hiyo nyingi zilitengenezwa upesi, mabapa yakipozwa katika mafuta. Mji wa Seki ulijulikana sana kwa kazi hiyo. Wahunzi wachache waliendelea kufua kwa njia ya zamani, wakikunja chuma mara nyingi na kukipoza katika maji. Tena maafisa wengine walichukua bapa la ukoo wao, la miaka mia mbili au mia tatu, wakalitia mpini na ala ya kijeshi.

Tarehe 2 Septemba 1945 Japani ilitia saini kusalimu amri. Maafisa wakatoa panga zao, na askari washindi wakaenda nazo makwao. Ndiyo sababu leo zinauzwa Uingereza, Marekani na Australia. Katika Japani yenyewe, upanga usiofuliwa kwa njia ya zamani hauandikishwi, wala mtu haruhusiwi kuuweka.

Tuanze na upanga wa sajini. Mpini wake ni wa chuma kilichomiminwa kikapakwa rangi, ukafanywa uonekane kama umezungushiwa utepe. Kwanza ulikuwa wa shaba, kisha wa alumini; mwisho wa vita, chuma kilipokuwa haba, wengine walipewa mpini wa mti. Mpini hufungwa kwa skrubu. Namba imegongwa katika bapa karibu na mpini, kwa tarakimu zilezile tunazojifunza darasani. Upanga huu ndio unaoigwa kuliko yote. Ukiona alumini yenye vitundu vitundu, au rangi mpya iliyochafuliwa ili ionekane kuukuu, uweke chini.

Upanga wa afisa ni mwingine. Mpini wake ni wa mti uliovikwa ngozi ya samaki taa, kisha ukazungushiwa utepe kwa nguvu. Watu wa pwani wanaijua ngozi ya taa: ina chembe ngumu zinazokwaruza mkono. Katika panga za bandia mara nyingi ni plastiki, na utepe unalegea ukiushika. Katikati ya mpini mna kijiti cha mwanzi. Kijiti kikitolewa, mpini huchomoka, nao msuka huonekana.

Hapo ndipo penye ukweli. Mwombe muuzaji, kwa adabu, akuonyeshe msuka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kutu ya miaka themanini ni nyeusi au kahawia iliyoiva, nayo imetulia. Kutu ya dawa ni nyekundu, nayo hubaki vidoleni. Mara nyingi utaona jina la mhunzi, au muhuri mdogo wa kiwanda au wa ukaguzi. Pengine upande wa pili mna tarehe.

Tarehe hiyo mnaweza kuisoma hata ninyi. Wajapani walihesabu miaka ya mfalme wao kwa jina la Showa. Chukua mwaka wa Showa, ujumlishe 1925, utapata mwaka wetu. Katika maandishi yao, moja ni mstari mmoja uliolala, mbili ni mistari miwili, tatu ni mitatu. Kumi ni kama alama yetu ya kujumlisha. Ukiona alama hiyo na chini yake mistari mitatu, ni kumi na tatu. Jumlisha 1925, utapata 1938.

Sasa habari ya bei. Mwenye fedha chache asitafute bapa la ukoo wala la mhunzi mwenye sifa. Atafute upanga wa afisa wenye bapa la kiwandani. Akubali ala iliyobonyea au utepe uliochanika, maana kasoro hizo hupunguza bei na hazidhuru bapa. Lakini asikubali ufa katika makali, hata mdogo kama unywele. Ufa hauponi. Tena asinunue bapa lililosuguliwa kwa msasa, maana kazi ya mhunzi imekwisha kufutwa.

Kabla ya kulipa, uliza polisi na forodha sheria ya mahali ulipo. Katika Uingereza, tangu mwaka 2008, ni marufuku kuuza upanga uliopinda wenye urefu wa sentimeta 50 au zaidi, lakini uliotengenezwa kabla ya 1954 unaruhusiwa. Mwaona basi, kujua upanga wa kweli si jambo la fedha tu.

Ukiisha kuupata, usiguse bapa kwa vidole, maana jasho huleta kutu. Lipake mafuta mepesi kidogo sana. Msuka usiusafishe kamwe. Ukikuta kibandiko cha mti au cha kitambaa chenye maandishi ya Kijapani, usikitupe. Huenda ni jina na mahali pa mtu aliyeutoa. Panga nyingine zimerudishwa kwa jamaa kwa njia hiyo. Nasi tukumbuke kwamba vitu hivi si mapambo ya furaha. Wengi waliuawa kwa panga za namna hii katika Asia, wakiwamo mateka waliofungwa mikono.

Mimi nilijaribu tena baada ya mwaka mmoja. Nilipata upanga wa afisa, ala yake imebonyea, msuka wake una mwaka wa Showa 17. Nilipomaliza masomo niliona taabu ya kuusafirisha, nikauuza kwa bei ileile niliyonunulia. Ule wa kwanza hakuna aliyeutaka. Ninao Uingereza mpaka leo, kwa jirani yangu, naye huutumia kuwafundisha vijana wengine.

Muuzaji ana maneno yake. Wewe una macho na umejifunza kusoma. Yatumie kabla ya kufungua mfuko. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini msemaji hakuja nyumbani likizo?
2. Mpini wa upanga wa sajini una tofauti gani na ule wa afisa?
3. Showa 17 ni mwaka gani kwa hesabu yetu? Na Showa 20?
4. Ni kasoro zipi mnunuzi anaweza kuzikubali, na ni ipi asiikubali?
5. Umewahi kununua kitu kwa kusikiliza maneno ya muuzaji tu? Waeleze wenzako, kisha uandike sentensi tatu.