Kiingereza Chetu na Milango ya Makosa Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Bwana Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya kujifunza Kiingereza, nilitaka kukataa, maana mimi si mwalimu, ni karani kama ninyi. Lakini nilikumbuka jambo lililonipata katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikaona kwamba aliyekwisha kuumwa na nyoka aweza kuwaonyesha wenziwe shimo lilipo, ijapokuwa yeye si mganga.

Nilikuwa katika ofisi ya wilaya, mbali na makao makuu ya jimbo. Kazi yangu ilikuwa kutayarisha hati za mishahara ya vibarua wa barabara na kuzipeleka jimboni ili fedha zitolewe. Mwezi mmoja hati zilichelewa, kwa kuwa mnyapara hakuleta hesabu ya siku za kazi. Simu ikalia. Mkubwa wa jimboni akaniuliza, "You have not sent the pay sheets?" Nikajibu kwa adabu, "Yes, sir." Akasema, "Good," akakata simu. Mimi nilikuwa nimesema, "Ndiyo, bwana, sijazipeleka." Yeye alisikia, "Nimezipeleka." Basi yeye akakaa akingojea posta, nami nikakaa nikistaajabu kilichomfurahisha. Vibarua walikaa siku tisa pasipo mshahara, na wengi wao walikuwa na watoto nyumbani na deni dukani. Nilipoitwa kujieleza niliulizwa, "Did you not understand the question?" Nikajibu tena, "Yes, sir." Ikaandikwa kwamba swali nilielewa, nami nikasema uongo kwa kusudi. Onyo likatiwa katika faili langu.

Ndugu zangu, katika mazungumzo yale hapakuwa na neno hata moja nisilolijua. Kosa langu halikuwa uchache wa Kiingereza. Lilikuwa Kiswahili kilichovaa kanzu ya Kiingereza. Kwetu sisi "ndiyo" hukubali maneno ya mwenye kuuliza: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Kwa Waingereza "yes" na "no" hazijali swali limeulizwaje, huliangalia jambo lenyewe. Likiwa limetendeka, ni "yes". Likiwa halikutendeka, ni "no". Tangu siku ile sijibu kwa neno moja. Husema, "No, sir, I have not sent them," na hata nikikosea neno la mwanzo, maneno yanayofuata huniokoa.

Jambo ninalotaka kuwaambia leo latoka hapo. Makosa yetu ya Kiingereza hayaji ovyo kama mvua ya kiangazi. Huingia kwa milango ileile siku zote, nayo ni milango ya lugha yetu wenyewe. Mtu akijua vema Kiswahili chake kilivyojengwa, aweza kusimama mlangoni akalingoja kosa kabla halijafika.

Mlango wa kwanza ni wa maandishi. Sisi tumezoea kuamini herufi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia namna moja ya kuandika katika nchi za Afrika Mashariki, na mtoto aliyekwisha kujifunza herufi aweza kusoma gazeti lolote kwa sauti, hata asipojua maana. Kiingereza hakina uaminifu huo. William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha kupiga chapa nchini Uingereza mwaka 1476. Baada ya hapo maandishi yakaanza kuganda, lakini vinywa vya watu vikaendelea kubadilika. Neno "knight" hapo kale lilitamkwa na k yake na gh yake. Sauti zimekufa, makaburi yamebaki. Tena wakatokea wataalamu waliopenda Kilatini, wakatia herufi ambazo hazikutamkwa: b katika "debt", p katika "receipt". Katika "island" waliitia s kwa kukosea kabisa. Tazameni ya kwamba sisi, tulipolichukua neno hilo la pili kwa masikio, tuliandika "risiti", wala hatukuitia p. Hapo Kiswahili kimeshika sauti ya Kiingereza kuliko Kiingereza chenyewe. Basi neno jipya lifundisheni sikio kabla ya jicho.

Lakini msidhani kwamba hakuna kanuni. Herufi e iliyo mwisho wa neno kwa kawaida haitamkwi. Kazi yake ni kubadili irabu iliyotangulia: "not" huwa "note", "hat" huwa "hate". (Wako waasi, kama "have", "give" na "come", nao ni maneno ya kila siku, kwa hiyo hujifunza wenyewe.) Herufi c ikifuatwa na e, i au y husomwa s, penginepo k. Herufi g sitawapa kanuni yake, maana "get" na "give" zitanivunjia heshima mbele yenu.

Katika konsonanti tuna mali ambayo wageni wengi hawanayo. Mfaransa huhangaika na th ya Kiingereza. Sisi tunayo, tena mbili. "Think" ina th ya "thelathini", na "this" ina dh ya "dhahabu", ila Waingereza huziandika zote mbili namna moja. Anayesema "selasini" na "zahabu" na aanze kusahihisha Kiswahili chake, na Kiingereza chake kitapona siku iyo hiyo. Kadhalika "singer" ina ng' ya "ng'ombe", na "finger" ina ng ya "ngoma". Nimepata kumsikia msomi wa shahada akizichanganya hizo mbili, hali alikuwa amechunga ng'ombe utoto wake wote.

Wako ndugu wa bara ambao katika lugha za kwao r na l ni sauti moja. Hao nawaomba wasikasirike, maana katika kazi yetu jambo hili ni la fedha. "Correct the account" ni kusahihisha hesabu; "collect the account" ni kwenda kudai.

Irabu ndiyo kazi kubwa. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ambacho huwekwa katika kamusi nyingi, kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Basi sisi huzichukua hizo ishirini tukazitia katika vyumba vyetu vitano, zikalala zimebanana. "Fill" na "feel" huwa kitu kimoja, na karani husema amehisi fomu badala ya kuijaza. Wengi hufundishwa kwamba moja ni fupi na moja ni ndefu, nao hudhani ni kama "cho" na "choo". Hiyo ni nusu ya habari. Katika "fill" ulimi pia hulegea, ukakaa kati ya i yetu na e yetu. Vivyo hivyo "stamp" na "stump": ya kwanza hutaka kinywa kipanuke, sauti iwe kati ya a na e; ya pili ni a fupi, ya upesi. Sauti hizi hazisomwi kwa macho. Husikilizwa, kisha huigwa, hata mkeo acheke.

Sasa nifike kwenye mkazo, jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko sauti zote. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayokiuka ni machache sana. Lakini yapo, nayo yatufundisha. Sema "barabara", ile wanayoilima vibarua wangu, mkazo katika "ba" iliyo ya pili kutoka mwisho. Kisha sema, "Amefanya kazi yake barabara," na mkazo utarudi nyuma. Herufi ni zile zile, mkazo umehama, maana imehama nao. Kiingereza kina maneno mengi ya namna hiyo, na mengi yamo katika meza zetu: "permit", "record", "transfer", "increase". Yakiwa majina, mkazo huwa mwanzo. Yakiwa matendo, huwa mwisho. Basi nyongeza ya mshahara ni "increase" yenye mkazo mwanzo, na kuongeza ni yenye mkazo mwisho, nasi twaomba zote mbili. Lakini "report" na "request" hazihami. Mkazo wake ni mwisho daima. Katika kamusi tafuteni kialama kidogo cha kusimama, ambacho kwa desturi huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo, ingawa kamusi nyingine za zamani hukiweka baada yake.

Tena Kiswahili humpa kila silabi haki yake. Kiingereza humtajirisha mmoja na kuwanyang'anya wengine. Silabi isiyo na mkazo hupoteza irabu yake, ikabaki pumzi tu, kama ya mwanzo katika "about" au ya mwisho katika "paper". Mtu akitamka kila silabi kwa nguvu sawa, Mwingereza hajui neno liko wapi. Na hapo ndipo "thirteen" na "thirty" zinapopotea katika simu. Mkianza kazi ya ghala, msione haya kurudia tarakimu moja moja: "one, three" au "three, zero".

Naingia katika sarufi, na hapa naomba masikio yenu. Chukueni neno "hatukuwaandikia". Nani hakuandika, kwamba hakuandika, lini, na kwa kina nani: yote yamo mbele ya shina. Kweli mkia nao una kazi, kama "andika", "andikia", "andikwa". Lakini mtu, wakati na idadi hukaa kichwani. Sikio letu limefunzwa kungoja habari mwanzoni mwa neno. Hata neno la kigeni likiingia kwetu twalitafutia kichwa. Waarabu walituletea "kitab", ambalo "ki" yake ni sehemu ya mwili wa neno. Sisi tukaiona "ki" tukafanya "vitabu". Na maandishi ya njiani ya "keep left" yakawa kipilefti, na vikiwa viwili, vipilefti.

Kiingereza hufanya kinyume. Habari huiweka mkiani: "book", "books"; "I work", "he works", "I worked". Mkia wenyewe ni mdogo mno, herufi moja isiyo na irabu, wala sisi hatuna mazoea ya kufunga neno bila irabu. Kwa hiyo hufanya moja katika mawili. Ama huukata, tukaandika "Yesterday I check the cash," na mkaguzi akauliza kama ni jana au ni kila siku. Ama huuongezea irabu, kama tulivyofanya katika "benki", "ripoti" na "stempu". Hayo ni maneno mema ya Kiswahili, nami sitaki mtu ayaonee haya. Lakini ukisema Kiingereza, irabu hiyo ivue mlangoni pamoja na viatu.

Mkia wa -ed una sauti tatu. Wekeni vidole kooni. Kama sauti ya mwisho ya shina haitikisi koo, mkia ni t: "worked", "checked". Kama yalitikisa, ni d: "called", "signed". Shina likiisha kwa t au d, hapo tu ndipo silabi inapozidi: "wanted", "recorded". Basi "worked" ni silabi moja, wala si mbili. Mkia wa -s hufuata njia hiyo hiyo: "books" kwa s, "bags" kwa z, na "boxes" huongeza silabi, kwa kuwa x imekwisha kuwa na s ndani yake.

Juu ya "a" na "the" watu hulia kwamba Kiswahili hakina vitu hivyo. Havina maneno yake, lakini fikra yake tunayo. Ukisema, "Nimeona kitabu," ni kitabu chochote. Ukisema, "Nimekiona kitabu," ni kile tulichokuwa tukikitafuta. Penye "ki" ya namna hiyo, mara nyingi "the" itafaa. Si kanuni ya kuapia, lakini imenisaidia kuliko kurasa nyingi za vitabu. Na juu ya "he" na "she", maadamu "yeye" wetu habagui, someni barua mara moja zaidi kabla ya kutia sahihi, kwa ajili hiyo peke yake. Bibi muuguzi aliyeitwa "he" mara nne katika barua ya kumsifu hakuniamkia kwa mwezi mzima.

Sikuja kuwataka mwige Waingereza. Waskoti huitamka r mahali ambapo watu wa London huimeza, na Wamarekani vivyo hivyo, wala hakuna anayewaita wajinga. Nilichokuja kukitaka ni kwamba asikilizwaye aeleweke, na anyamazaye katika kikao kwa kuogopa th yake afungue kinywa. Nimewaona watu wenye shauri jema wakikaa kimya, na shauri baya likapita kwa sababu msemaji wake alikuwa na matamshi mazuri.

Bwana Katibu amekubali kwamba kila Jumatano baada ya kazi chumba hiki kiwe wazi kwa saa moja. Tutakaa wawili wawili. Mmoja atasoma barua ya kazi kwa sauti, mwenzake ataandika anachosikia bila kuitazama, kisha tutalinganisha. Leteni penseli na barua zisizo za siri. Mimi nitaleta maswali yangu ya "have you not", na atakayejibu kwa neno moja tu atanunua chai.