Ndiva ya Joto: Kwa Nini Tunachangia Chumba cha Mawe



Mwaka huu tunawaomba mchangie chumba cha mawe. Tunajua baadhi yenu mlicheka mliposikia, kwa hiyo tuwaeleze.

Tangawizi mbichi ya kwetu Mamba Miamba ni maji kwa asilimia 80 hivi. Ili ikae bila kuoza, inatakiwa ishuke hadi karibu asilimia 10. Jua la mchana linaianza kazi hiyo vizuri, lakini jioni ukungu ukishuka milimani, vipande vinavuta unyevu upya na kuvu inaingia. Mkulima anaona heri auze mbichi kwa bei anayoitaka dalali.

Wapare tunaijua dawa ya jambo la namna hii. Maji ya kijito yalipokuwa machache, babu zetu walijenga ndiva: maji yanajikusanya usiku, asubuhi yanafunguliwa mashambani. Hii yetu ni ndiva ya joto, inajaa mchana na kufunguliwa usiku. Hewa iliyopashwa na jua chini ya kioo inasukumwa na feni kupita kwenye mawe, kutoka juu kwenda chini. Usiku mkondo unageuzwa, hewa inapanda na joto lake hadi kwenye chanja za tangawizi.

Mawe yanabeba joto kiasi gani? Tani 5 zikipanda nyuzi 30 zinahifadhi kama kilowati-saa 35, sawa na joto la kuni kavu kilo 8 hivi. Ni kidogo kuliko wengi walivyodhani. Kwa hesabu ya karatasi linatosha kukausha maji kilo 50; kwa vitendo tutegemee nusu yake. Lakini kuni zina moshi unaoharibu harufu, na kesho zinatakiwa nyingine, na hali ya misitu yetu mnaiona. Maji yangehifadhi joto mara 5 ya mawe, kilo kwa kilo, ila tangi linavuja na kushika kutu. Jiwe halivuji.

Mawe yawe na ukubwa wa ndimu, yalingane, yaoshwe. Mchanga unaziba njia ya hewa, na kokoto ndogo zikichanganywa na kubwa ni vilevile. Hayo tutayabeba wenyewe kwa msaragambo. Pumba za mpunga za kujaza kati ya kuta mbili, ili joto lisitoroke, tutazitoa Ndungu.

Fedha inahitajika kwa kioo, feni, paneli ya sola na betri. Kwenye betri hatukubali cha bei rahisi, maana feni inatakiwa kuzunguka jua likiwa limeshazama. Ikizimika saa sita usiku, mawe yatabaki na joto lao na tangawizi itaota kuvu.

Bahasha zipo kwa mweka hazina. Walio nyumbani, msaragambo wa mawe ni Jumamosi asubuhi. Kila mmoja aje na karai.